Kamba Isiyoshonwa ya Aling Purita

Mjini kwetu Batangas, ukimtoa padri, hakuna aliyefungisha ndoa watu wengi kama Aling Purita, yaani Mama Purita. Yeye ndiye msukaji wa kamba nyeupe za hariri wanazovishwa maharusi kanisani: kitanzi kwa bwana, kitanzi kwa bibi, umbo la nane, ishara kwamba ndoa haina mwisho. Pale kamba inapokatana, huishona isiteleze.

Mumewe, Dominador, alitoroka zamani na mwanamke muuza bima. Lakini sheria yetu haina talaka kwa Mkatoliki, kwa hiyo Purita akabaki mke wake. "Milele naijua," husema. "Haikoromi kitandani, haileti mchele, ila jina lake liko kwenye kitambulisho changu."

Binti yake Glenda alipoposwa na Arvin, Purita alisuka kamba nzuri kuliko zote. Katikati hakushona. Glenda aliligundua hilo asubuhi ya harusi, gari likiwa mlangoni.

"Mama, hapa umesahau uzi."

"Sikusahau. Yangu ilishonwa. Jaribu kuifumua."

"Na ikianguka? Bibi Consing atakuwa mbele kabisa."

Purita akamsukuma kuelekea garini. Bibi Consing, nyanya yake Arvin, alisoma ishara kuliko alivyosoma kitabu cha misale. Mwaka juzi mshumaa ulizimika madhabahuni, akavunja harusi ya mjukuu mwingine papo hapo, kisha akaondoka na nguruwe wa kubanikwa wa upande wa bibi harusi. Na Glenda alimpenda Arvin kweli, pamoja na masikio yake makubwa.

Kanisani, kamba ikavishwa juu ya shela iliyowafunika wote wawili. Padri Eusebio alikuwa amemaliza mahubiri, lakini alipoiona ile nane akapata mengine.

"Milele ni nini, wapendwa?"

Arvin alikuwa anatokwa jasho kama mtungi. Hariri ikaanza kuteremka begani mwake. Bibi Consing akavaa miwani.

Purita akainuka, akapiga magoti nyuma ya maharusi kana kwamba anaweka shela sawa, akapenyeza mkono chini yake na kukamata kamba pale inapokatana.

"Milele ni bahari isiyo na ng'ambo," padri akaendelea. "Ni daima dawamu. Ni pasipo kikomo."

"Ni padri mwenye kipaza sauti," Purita akanong'ona.

"Mama, mkono unatetemeka," Glenda akasema bila kugeuka.

"Tazama mbele."

"Mama mkwe, nikusaidie?" Arvin akauliza.

"Wewe usipumue."

Padri alishatoka baharini, sasa yuko kwenye nyota. Mkono wa Purita ulikufa ganzi hadi begani. Kitanzi kikashuka kidogo. Ndipo aliposikia fimbo ikigonga sakafu: Bibi Consing anakuja. Watu wakaacha kujipepea.

Bibi kizee akainama, akainua pindo la shela, akaona vidole vilivyokakamaa.

"Hujashona," akasema kwa sauti ya chini.

"Sikushona, bibi."

"Kusudi?"

"Wakishindwana, watoke. Mimi sikupata pa kutokea."

Bibi Consing akaitazama kamba, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amefumba macho.

"Mkono unaweza?"

"Unaweza."

"Basi ole wako ukiachia. Safari hii nguruwe nimemnunua mimi."

Akarudi kwenye benchi. Jirani alipomuuliza kuna nini, akajibu kwamba mama wa bibi harusi ni mcha Mungu mno, anasali mpaka anatetemeka.

Padri alipochoka, wasimamizi wakaivua kamba. Ikabidi wamvue Purita kwanza, kidole kimoja kimoja.

Kwenye karamu hakuweza kushika hata uma. Glenda akawa anamlisha tambi, shela imetupwa kitini. Arvin akaja na kamba mkononi, akauliza kama sasa ishonwe, wapate kuitundika ukutani.

"Iache hivyo hivyo," Glenda akasema. "Tutakuwa tunaishika."

"Kwa zamu," Purita akaongeza, na kufungua mdomo apate tambi nyingine.