Mstari wa Kwanza wa Katiba

Kila asubuhi shangazi alipangusa miwani kwa pindo la sketi, akaweka rula chini ya mstari wa mwisho wa ukurasa, akaanza kusoma kwenda juu. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha serikali kwa miaka ishirini na sita. Ukisoma kutoka juu, alisema, maana inakubeba na makosa yanakupita. Kiwandani walimwita Jicho.

Ndivyo alivyosoma katiba mpya, akaitia sahihi ya kuruhusu ichapwe. Mchana ule nilikuwa nimempelekea dawa ya presha. Akiwa anakula, akaipitia tena kama watu wengine, kutoka juu, na kijiko kikasimama. "Sisi wananchi, tukimtegemea Mungu." Bunge lilikuwa limekwishapiga kura kuyatoa maneno hayo na kuweka "tukiheshimu utu wa kila mtu." Mpangaji kurasa alichukua rasimu ya zamani. Herufi zote zilikuwa sahihi.

Mwanawe wa pekee ndiye mchungaji wa kanisa ambalo shangazi alikuwa akiimba kwaya. Miezi yote ya mjadala alihubiri kwamba taifa lisilo na Mungu litaoza kuanzia kichwani. Baba yangu, kaka yake shangazi, alikuwa akimjibu sebuleni kwetu: "Mpwa wangu, waliotuchinja mwaka ule walikuwa wanasali. Tuanze na utu."

Shangazi alimpigia mwanawe kwanza. Sikio lake moja halisikii, kwa hiyo simu huwa na sauti kubwa.

"Mama, nyamaza. Mungu mwenyewe kalirudisha jina lake."

"Aliyelirudisha ni mpangaji kurasa, baba. Tena ana mafua."

"Ukisema, usinihesabu mwanao."

Simu ikakatwa. Shangazi akafunika bakuli, akauchukua ukurasa, akapanda ngazi kwa msimamizi. Nikamfuata.

"Jicho! Na sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Umetutia aibu, mama. Mshukuru Mungu mitambo haijawashwa." Msimamizi akasikia alichosema mwenyewe, akakohoa.

Katiba ikatoka na utu wake. Shangazi akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo ya karatasi. Baba alikwenda kumpongeza, hakufunguliwa mlango. Wanakwaya wawili walikuja kuchukua joho la shangazi, wakakataa hata kukaa. Mwanawe alimsema madhabahuni bila kumtaja jina, "yule mama aliyemuuza Bwana," na wajukuu hawaji tena. Jumapili bado anakwenda. Akikaa, waliopo kwenye benchi wanahama mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta upepo.

Jumapili iliyopita nilikwenda naye, tukabaki wawili kwenye benchi lote. Njiani kurudi nikamuuliza nililokuwa naogopa kumuuliza tangu siku ile.

"Shangazi, wewe mwenyewe ulitaka lipi, la Mungu au la utu?"

"La Mungu," akasema. "Bado nalitaka."