Hester Daft na Jina Lake

Kwetu Nottinghamshire, Uingereza, ukoo wa Daft upo tangu enzi na enzi, na neno lenyewe, kwa Kiingereza cha sasa, ni mpumbavu. Hester alizaliwa nalo. Shuleni mwalimu alipoita majina darasa lilicheka kila asubuhi, na mwalimu akacheka nalo. Akiwa na miaka kumi na minne akaingia kiwanda cha soksi, kicheko kikamfuata mpaka huko.

Mimi, Enid, nilikaa kwenye cherehani jirani na yake. Machi ya mwaka 1953 kinga ya sindano yangu, kile kichuma cha kuzuia vidole, ilivunjika. Nilikuwa mwoga, nikanyamaza. Aliyekwenda kwa msimamizi wetu, Bwana Tansley, ni Hester.

"Cherehani ya Enid haina kinga. Itamla kidole."

"Nani kagundua? Daft?" Tansley akatugeukia. "Jamani mmesikia? Mpumbavu kawa fundi!"

Tukacheka. Ndiyo, hata mimi.

Hester alirudi kwa Tansley Jumatano, akarudi tena Ijumaa. Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, sindano iliingia kwenye ukucha wangu, ikavunjikia mfupani. Tansley alikuja mbio, akaona damu juu ya soksi.

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Nimekwambia mara tatu," Hester akasema.

"Aa, Hester! Na neno la Daft nalo ni neno?"

Akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Hester alikwenda ukutani, akashusha swichi kuu. Cherehani sitini zikazima kwa mpigo.

"Nyanyukeni!" alifoka, uso umemwiva. "Mnangoja mpaka akatwe nani tena? Nje, wote!"

Tukatoka. Siku tatu tulisimama uani kwenye mvua, tukila mkate na mafuta ya nguruwe. Siku ya pili wenye kiwanda walimtuma kasisi aje kumtuliza.

"Binti yangu," kasisi akaanza, "unajua jina lako si tusi? Miaka elfu iliyopita neno hilo lilikuwa sifa. Mtu mpole, mtulivu, asiyemsumbua mtu. Hebu jitahidi kuwa hivyo."

Hester alimkodolea macho.

"Kwa hiyo mtu alikuwa mpole, mkamkalia kichwani, mpaka upole wake ukawa upumbavu? Hivyo ndivyo neno lilivyogeuka?"

"Sijasema hivyo, mwanangu."

"Umesema. Rudi kawaambie waliokutuma, sitaki upumbavu wao wala upole wako. Nataka kinga."

Alhamisi cherehani zikafungwa kinga mpya, zote sitini, tukarudi kazini. Tansley alibaki na cheo chake. Novemba Hester alichelewa dakika nne kwa sababu ya ukungu, wakamfukuza. Alikusanya aproni yake na kikombe, akapita katikati ya mistari ya cherehani akitutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyenyanyuka. Swichi ilikuwa hatua sita kutoka kiti changu, nilikwisha kuzihesabu.

Alipata kazi ya kufua mashuka, kazi ya kubabuka mikono. Jumapili moja nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinisikiliza kizingitini hadi neno la mwisho, mikono kifuani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Hester."

Akafunga mlango.