Tura, kwa Shangazi, na Petro Aliyetoka Wales

Barua ya Petro ndiyo iliyonitoa nyumbani Chemchem. Tulisoma pamoja hapa Tabora, tukafanya mtihani mmoja wa kwenda Ulaya. Yeye akapita, mimi nikabaki kufundisha hesabu. Sasa amerudi na shahada ya lugha na mila za Wakelti, aliyoisomea chuo kikuu huko Wales, nchi ndogo ubavuni mwa Waingereza yenye lugha yake yenyewe. Aliandika: "Nipeleke kwa shangazi yako Tura. Natafuta nyimbo za wapagazi, na Kinyamwezi changu unakijua, ni cha kubahatisha." Petro alizaliwa Ujiji, mbali na Unyamwezi. Nilicheka peke yangu. Ningepewa mimi nafasi ile, ningerudi daktari! Nilikwenda ili nimwone akishindwa.

Jumamosi asubuhi tulipanda treni, daraja la tatu. Mashamba yalipokwisha ukaingia msitu wa miombo, mizinga ya nyuki imetundikwa mitini. Petro alichungulia dirishani akitafuta njia ya misafara ya zamani. Mimi nilitazama koti lake la sufu mpaka nikaona haya.

"Walikufundisha nini huko?" nikamuuliza.

"Mwalimu wangu, mzee kabisa, utotoni alivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake shuleni. Alipotusimulia alilia."

Shuleni kwetu anayewavisha watoto kibao cha namna hiyo ni mimi.

Adhuhuri tukafika Tura. Shangazi Nyamizi alikuwa akipepeta mtama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Na huyu mwenye koti juani ni nani?"

Petro akachuchumaa, akamwamkia kwa Kinyamwezi kibovu. Shangazi alicheka hadi ungo ukamponyoka, kisha akamkalisha kwenye kigoda cha marehemu babu. Mimi sijapata kukikalia.

Jioni shangazi akamwimbia Petro nyimbo za baba yake, mpagazi aliyekwenda pwani mara nne. Miaka yote hiyo hakuniimbia hata ubeti mmoja. Petro aliandika mbio, akakwama kwenye neno moja, akanigeukia. Nililijua: ni mzigo wa mwenzako aliyefia njiani, unaoubeba juu ya wako.

"Pembe ya ndovu," nikamwambia.

"Ahsante, ndugu yangu." Akaandika.

Jumapili asubuhi, nikinawa uso, shangazi akanisimamia. "Kiswahili nakisikia, mwanangu. Baba yangu aliubeba mzigo ule kutoka Ugogo hadi hapa. Wewe umeugeuza pembe."

Nilinawa uso mara ya pili.

Mchana Petro alinisindikiza stesheni. Yeye alikuwa anabaki. Treni ya kurudi Tabora ilipoingia nikamwambia ukweli wote.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu ulikwenda wewe."

Akafungua daftari lake. "Kule kila mwanafunzi alikuja na nyimbo za bibi yake. Wakiniuliza za kwetu, sina. Nilikuwa nawaambia yuko rafiki yangu Tabora, yeye anazo zote. Nilikuchukia kwa hilo, nikiwa darasani."

Akafuta neno langu, akanipa penseli na daftari. Niliandika maana ya kweli huku gadi akipuliza filimbi, nikadandia behewa likiwa limeshaanza kwenda.

Wivu haujaniisha, nitakuwa mwongo nikisema umeisha. Lakini sikuwa nimejua kwamba aliyevuka bahari naye anaweza kumwonea wivu aliyebaki.