Uzi Mweupe kwenye Kitambaa Cheupe

Fundi hutia pini mdomoni anapopima kifua tu. Akipima bega, kiuno au urefu wa gauni, pini hubaki kwenye kimto kilichofungwa mkononi, naye hupiga soga na mteja. Utepe ukifika kifuani, hubana pini nne kati ya midomo, akanyamaza.

Ni saa mbili asubuhi. Mteja aliyesimama mbele ya kioo anamtania kwamba namba za leo aandike pungufu kidogo, mume asije akaziona. Fundi anacheka kwa macho. Anaandika kwenye daftari, anatoa pini, ndipo anajibu: "Daftari nitalificha, mama. Gauni ndilo litakalokusema."

Wateja wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo la nguo yake halifumuki. Ana miaka arobaini na mmoja, vyerehani viwili na chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara. Kwa wiki hushona magauni tisa, kumi akibahatika. Ufundi alifundishwa na mama yake, na cherehani kimoja ni cha marehemu huyo.

Wiki tatu zilizopita alifunga duka siku nzima, akaenda hospitali kupigwa picha ya matiti kwenye ile mashine inayobana. Karatasi aliyopewa inasema hakuna uvimbe ulioonekana. Chini yake inasema tishu za matiti yake ni nzito sana.

Mstari huo wa pili ndio unaomkosesha usingizi. Karatasi ya mama yake ilisema hivyo hivyo miaka sita iliyopita, na nyumba nzima ikashika mstari wa kwanza.

"Tulishangilia," anasema. "Mama mdogo akasema wanawake wa ukoo wetu tumeumbwa imara, hata uzeeni hatulegei. Tulidhani nzito ndiyo nzima."

Daktari alimsahihisha. Uzito huo haujulikani kwa kushika. Huonekana kwenye picha peke yake. Mafuta hutoka meusi, tishu nzito hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Fundi hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ni kama kutafuta uzi mweupe ulioanguka kwenye kitambaa cheupe," anasema. "Hiyo kazi naijua. Unaupita mara kumi na macho unayo."

Aliambiwa pia kwamba hali hiyo kwa sehemu kubwa hurithiwa, kupitia vinasaba vingi vya upande wa mama na wa baba, na kwamba yenyewe huongeza hatari ya saratani. Si ugonjwa, na wengi huishi nayo bila kupatwa na lolote. Lakini kwa kuwa mama yake aliugua saratani hiyo, Alhamisi hii anatakiwa arudi kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, na mdogo wake wa kike naye asikae bila kupimwa. Ukurasa wa Alhamisi kwenye daftari hauna mteja. Umeandikwa: mimi na mdogo wangu.

Mdogo wake hajakubali. Ana miaka thelathini na sita, anaoka mikate mtaa wa pili, na mchana anaingia dukani na unga hadi kwenye nyusi. Dada anamgusia tena habari ya Alhamisi. Yeye anasema haumwi popote, na hospitali haendi kutafuta ugonjwa ambao haujamtafuta.

"Dada, wewe pima magauni. Mwili wangu niachie."

Fundi anainamia cherehani. Mguu unakanyaga, lakini chini ya sindano hakuna nguo. Kisha anainuka, anafungua kabati na kutoa gauni la kijivu, la mwisho alilomshonea mama yao. Pini ziko mdomoni tena. Analigeuza nje ndani na kumwonyesha mdogo wake dati mbili, mikunjo inayobana nguo kifuani. Ya kushoto imeingia zaidi kwa upana wa kidole.

Mdogo wake anasema labda mkono uliteleza.

Fundi anatoa pini, moja moja, anazichoma kwenye kimto.

"Mkono wangu hautelezi. Ilikuwa miezi saba baada ya ile picha. Nilimpima, nikaona ziwa la kushoto limevutwa ndani, ngozi imekunjamana kama mshono uliokazwa. Niliona aibu. Nitamwambiaje mzazi wangu? Nikajiambia karatasi imesema salama. Alikaa miezi minne mingine ndipo akaenda mwenyewe."

Mdogo wake anapitisha kidole kwenye dati ya kushoto, anarudi, anapitisha tena. Unga unabaki kwenye kitambaa. Anauliza Alhamisi ni saa ngapi.

"Saa tatu," anasema fundi. Halafu, kwa sauti ndogo, huku akilikunja gauni: "Niliona kabla ya wote. Nikarekebisha nguo, na mama akanishukuru."