Aliyeuliza Kuhusu Shamba la Mama Mdogo

Habari niliikuta asubuhi kwenye kundi la simu la jumuiya yetu, nikiwa nachambua mchicha. Yule binti mwanachuo aliyekuwa amepanga chumba kwa jirani yangu hapa Morogoro amefariki hospitalini kwa selimundu, ugonjwa aliozaliwa nao. Niliacha mchicha, nikapiga ishara ya msalaba, nikakaa tu. Mnaosali nasi mnamkumbuka kwa nia zake ndefu za maombi. Alikuwa anawaombea mayaya, wafungwa, wahamiaji waliozama baharini, mpaka siku moja mwenyekiti akamkatisha: "Binti, na sisi tuachie kidogo cha kumwambia Mungu!" Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Chuo kilimpeleka Ulaya, safari ya masomo, Berlin na Brussels, kujifunza jinsi watu wa kule wanavyotetea wanyonge. Aliporudi alinisimulia jambo moja tu, mengine yote nilikuwa nayasikia kwa wenzake. Brussels walisimamishwa mbele ya watu, kila mmoja aeleze hali ya wanawake wa kwao. Yeye akasimama kwa maringo, akasema kwetu Uluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, mwanamke hafukuzwi shambani. Wakampigia makofi. Halafu bibi mmoja wa palepale akauliza kwa upole, "Na shamba likitaka kukodishwa, nani anaulizwa?" "Mama, nilikaa chini kama nimemwagiwa maji," aliniambia. Maana tiketi ilitoka chuoni, lakini pasi ya kusafiria, koti la baridi na fedha ya mkononi vilitoka kwa mjomba wake, na mjomba alivipata kwa kumkodishia mfanyabiashara wa mjini matuta ya kabichi ya mama mdogo, mdogo wake mama mzazi wa binti. Siku moja mama mdogo alipanda mlima kwenda shambani na jembe lake, akakuta vibarua wasiomjua wanalima. Binti alikuwa analijua hilo kabla hajaondoka, na alinyamaza.

Sasa msimfikirie vibaya huyo mjomba. Wazazi wa binti walipofariki, ndiye aliyemlea. Maumivu yakimbana mtoto usiku wa mvua, yeye ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni kuteremka mlima mpaka hospitali ya misheni. Kwa hiyo binti aliponibembeleza nimsindikize kwao, nilijua anaogopa, na nilijua kwa nini. Tulimkuta mzee amekaa nje, mama mdogo yuko jikoni anapuliza moto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Mzungu wetu! Mbona hujawa mweupe?"

Tukacheka, tukapewa viti. Binti akasubiri kicheko kiishe, akapiga magoti. "Mjomba, shamba la mama mdogo lilikodishwa kwa ajili yangu, na mwenyewe hakuulizwa. Naomba aulizwe."

Mzee akasogeza kiti chake nyuma. "Ndiyo walichokufundisha Ulaya, kumsemesha hivyo mjomba wako?"

"Hapana mjomba. Kule nilikuwa nawasemea watu nisiowajua."

"Na hilo koti ulilovaa, unajua limetoka wapi?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja nalo."

Mzee akanyanyuka, akaondoka. Jikoni moto ulishawaka, lakini mama mdogo aliendelea kupuliza. Tangu siku ile mjomba akawa anaitikia shikamoo ya binti, basi, zaidi ya hapo hakuna neno. Binti aliumia sana, lakini hakurudi nyuma. Akamgawia mama mdogo nusu ya matuta aliyoachiwa na mama yake mpaka ukodishaji uishe, na kila likizo alipanda kulima naye, afya yake ikimruhusu.

Nimefikiri sana juu ya hili. Kumtetea mtu wa mbali hakukuharibii chakula cha jioni. Unaweza kubeba bango, ukasali rozari nzima kwa ajili yake, ukarudi nyumbani ukalala. Kazi ni pale anayekosea ni yule aliyekubeba mgongoni, unampenda, na kesho utamwamkia tena.

Kwenye msiba, kule kwao mlimani, watani wa ukoo walifanya kazi yao ya kuchekesha wafiwa. Mama mmoja alijifunga skafu, akaburuta ndoo kama sanduku la safari, anapiga kelele, "Nisalimieni kwa Kizungu, natoka Ulaya!" Mwenzake akamjibu, "Wewe hata Dumila hujafika!" Wakamgeukia marehemu: "Umetuchosha na haki zako, lala tupumzike!" Watu walicheka huku wanalia. Kisha ikafika saa ya kuonyesha mahali pa kaburi. Hiyo ni kauli ya mjomba, na vijana wenye majembe walikuwa wanamwangalia yeye. Yeye akageukia upande wa wanawake, akamwita mama mdogo.

"Mdogo wangu, tumzike wapi?"

Mama mdogo aliangalia nyuma yake, kama anayeulizwa ni mtu mwingine.

"Nakuuliza wewe."

Akatoka polepole, akaenda mpaka pembeni mwa matuta yake, akasimama. "Hapa. Tukichoka kulima alikuwa anakaa hapa." Akafuta machozi kwa kanga. "Na shamba hili, kaka, lisikodishwe tena bila mimi."

"Nimesikia," mzee akasema, akawaashiria vijana waanze kuchimba.

Tulizika, tukasali, tukateremka. Nashukuru Mungu kwamba ombi la binti lilijibiwa. Ila yeye hakulisikia jibu, na hilo ndilo linaloniuma. Wewe mwenye kauli ndani ya nyumba yako, yuko mtu hapo ambaye hujawahi kumuuliza. Muulize leo, wakati aliyekukumbusha bado yupo na anaweza kufurahi.