Jina Ambalo Valeria Hakulitaja

Mimi Zena binti Hilali sikujaliwa subira. Duka langu la vitenge hapa Kibondo nimeliendesha kwa mdomo huu huu, na anayenichelewesha namwambia papo hapo. Basi mjue kwamba mwaka 1974 Valeria alinitoa jasho.

Valeria alikuwa Mrundi. Mwaka 1972, mauaji yalipowatawanya watu kwao, alivuka mpaka na binti yake mgongoni akafikia kwangu, nikampa chumba cha uani. Mumewe, Nsengimana, alivukia kwingine pamoja na baba yake mzazi, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi Katumba, huko Mpanda. Mwaka wa pili sasa mtu na mumewe hawajaonana. Barua zilikuwa zinakuja, namsomea mimi, na kila moja anataka nirudie. Kumfuata bila kibali haikuwezekana. Mkimbizi hakuruhusiwa kuhama wilaya bila karatasi, na karatasi hiyo haikutolewa mpaka mke athibitishe kwamba ni mke. Cheti cha ndoa kiliungua pamoja na nyumba.

Asiye na cheti aliulizwa maswali. Afisa, Bwana Omary, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi, alikuwa na fomu iliyojazwa na Nsengimana kule Katumba. Majibu ya mke yakilingana na hayo, anagonga muhuri. Valeria alijibu yote vizuri: jina la kilima walichoishi, mwaka wa harusi, ng'ombe wa mahari, kovu la mumewe gotini. Likaja swali la tisa, jina la baba mkwe. Akanyamaza.

"Hulijui?" akauliza Bwana Omary.

"Nalijua."

"Basi litaje, mama."

Valeria akainamisha uso. Bwana Omary akaandika "hajui" na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Niliposikia, hasira zilinipanda. "Neno moja tu limekushinda? Mimi ningemtajia mpaka la babu yake."

Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua macho. "Dada Zena, kwetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Ni kumvunjia heshima."

"Mzee yuko Mpanda. Hasikii."

"Mimi nasikia," akasema.

Nikaondoka pale nikisonya. Hata mimi jina hilo sikulijua, maana kwenye barua mumewe aliandika "baba anakusalimu", basi. Mara ya pili Valeria alikwenda, akanyamaza vilevile. Mara ya tatu Bwana Omary akamwonya kwamba wakishindwana tena faili linafungwa, na likifungwa halifunguliwi. Siku hiyo Valeria alilia mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nikilitaja nitampata mume wangu," akasema. "Halafu baba yake nitamtazama kwa uso gani?"

Mara ya nne nilifunga duka nikaenda naye. Nje ya ofisi wanawake walikuwa wamejaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Bwana Omary alifungua faili, akaenda moja kwa moja kwenye swali la tisa. "Leo ni mwisho, mama."

Valeria akainama tena. Nilitamani kumfinya. Mara Valeria akasimama.

"Ndugu afisa," akasema, "naomba uwaulize hao waliokaa nje. Mke yeyote wa huku, awe Mrundi, awe Muha. Muulize jina la baba mkwe wake."

Bwana Omary hakuwa mtu mbaya, alikuwa mgeni tu. Akatoka. Wa kwanza aliyemuuliza akacheka ndani ya khanga. Wa pili akatazama ukuta. Wa tatu alichukua kikapu chake akaenda zake. Mlangoni alisimama Tharsisi, tarishi wa ofisi, na mkewe Veronica aliyekuwa amemletea chakula cha mchana.

"Na wewe, mama," Bwana Omary akamwambia Veronica, "baba mkwe wako anaitwa nani?"

Veronica akaweka bakuli chini na kujifunika mdomo.

"Ndugu, huyo ni baba yangu mimi," akasema Tharsisi. "Tunakaa naye nyumba moja mwaka wa kumi na moja, na mke wangu anampikia kila siku. Jina lake hatalitaja hata umpe ofisi hii."

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Hukuniuliza, ndugu. Mimi niliambiwa nibebe mafaili."

Bwana Omary akarudi kitini, akakata "hajui" zote tatu. Chini yake akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Hataji, kwa sababu ni mkwe wao kweli." Kisha akagonga muhuri. "Unisamehe, mama," akasema. Nilipiga vigelegele ndani ya ofisi ya serikali, na hakuna aliyeninyamazisha.

Habari yote nilimwandikia Nsengimana kule Katumba. Baada ya wiki mbili lori la makazi lilikuja Kasulu kuchukua watu, nami nikamsindikiza Valeria mpaka huko, nisije nikahadithiwa. Nsengimana alikuwa ameruhusiwa kuja nalo. Aliruka chini hata kabla halijasimama sawasawa. Mtoto hakumjua, akajificha nyuma yangu. Mume akamshika mkewe mikono yote miwili.

Nyuma yao mzee mmoja mwembamba alikuwa anasaidiwa kushuka. Valeria alipomwona alijitoa njiani, akapiga magoti na kutazama chini, kama mkwe anavyopaswa. Mzee akaja mpaka mbele yake, kofia mkononi. Alisema Kirundi, nami nikamwelewa, maana Kiha nakisikia vizuri.

"Mwanangu," akasema, "miezi tisa? Ungenitumia salamu tu. Ningekuja Kibondo kwa miguu nikalitaja mwenyewe."

Valeria akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nililia kuliko wote, na sioni haya kusema.