Kitufe cha Kuria

Kaka yangu Deo aliniambia magoti yake hayawezi tena safari ya Biharamulo, nami nikamwamini, kwa sababu mtu wa umri wake akilalamikia magoti hakuna anayemdai ushahidi. Ndivyo nilivyojikuta mimi, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, nisiyejua hata bunduki hushikwa upande gani, nikitumwa kwenda kuchagua kifaa cha bunduki.

Bunduki yenyewe inajulikana Keza nzima, kijijini kwetu. Hujijaza risasi yenyewe kila baada ya mlio, kaka ana leseni yake halali, na ndiyo inayowafukuza nguruwe pori na nyani kwenye mahindi ya majirani. Ubavuni ina kitufe kidogo. Kaka alinieleza kwamba risasi zikiisha, bolti, yaani kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma ndani yake, hubaki nyuma. Ukishaweka nyingine unabonyeza kitufe, bolti inaruka mbele. Kitufe cha asili kilikuwa chembamba na kimelika. Mwisho wa mwezi bunduki ilitakiwa kupelekwa polisi kukaguliwa, na kama haifanyi kazi vizuri angeambiwa aiache hukohuko. Bila bunduki ile majirani wangerudi kukimbizana na nguruwe kwa kupiga madebe, na kaka angekuwa mzee wa kukaa tu barazani. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi, ingawa hakulisema.

Alinipa nakala ya leseni, barua ya kunituma, na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa kubwa: KITUFE KIKUBWA CHA KURIA. Kaka yangu, kama wengi wetu ambao Kihangaza ndiyo lugha yetu ya kwanza, r na l kwake ni ndugu wa tumbo moja. Nikatoa kalamu nyekundu mkobani, nikaikata ile r, nikaandika l juu yake. Cha kulia. Cha upande wa kulia. Nilifanya hivyo bila hata kufikiri, kama ninavyofanya kwenye madaftari miaka yote.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, Faustine wa bodaboda alikuja kunichukua. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni na njia ilikuwa na utelezi, kwa hiyo tulikwenda polepole katikati ya migomba.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "kaka yako tumemkosea nini?"

"Kwa nini?"

"Juzi nimempungia mkono, kanitazama hivihivi, hakuitika. Na jana tena."

"Amezeeka," nikamjibu. "Wazee wana maringo yao."

Faustine akacheka, nami nikacheka.

Kwenye barabara ya lami nilipata mchomoko, lile gari dogo la abiria, nikakaa mbele kwa dereva. Tulipishana na malori marefu yanayokwenda Rwanda na Burundi, na Nyakahura tukasimama kununua mahindi ya kuchoma. Hapo nikaitoa karatasi ya kaka, na mashaka yakaanza. Kaka yangu ni wa mkono wa kushoto. Analima kwa kushoto, anakula kwa kushoto, na marehemu mama alimpiga sana kwa ajili ya hilo. Sasa cha kulia cha nini? Nikasema labda bunduki zina sheria zake. Mahindi yangu yakapoa nikiwa nimeyashika.

Lusahunga nilibadilisha gari, na saa tano na nusu nikashuka Biharamulo mjini. Sikuhangaika sana kuuliza. Fundi mwenye kibali cha silaha ni mmoja tu kwa watu wa kwetu, Bi Saada, mjane aliyejifunza kazi kwa mumewe, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Nilimkuta amevaa kanga na miwani, meza yake imefunikwa gazeti, na juu ya gazeti vipande vya chuma vimepangwa kama vijiko vya harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali, naona vumbi."

Alikagua leseni na barua kwa makini, akaniuliza maswali, kisha akafungua droo. Nilitarajia kitufe kimoja. Akatoa saba. Kimoja kilikuwa kipana kama ukucha wa kidole gumba, kingine cha duara, kingine kirefu chenye mkia wa kushukia chini, kingine chenye mistari ili kidole kisiteleze. Vipo vya kubonyezwa upande mmoja na vipo vya pande zote mbili. Aliniwekea kimoja kimoja kiganjani, akinieleza faida yake, na kila alipomaliza nilijua kidogo kuliko nilivyokuwa nikijua mwanzoni.

"Hiki kipana ni kizuri kwa mwenye glavu."

"Kaka hana glavu."

"Basi hiki chenye mistari."

"Hicho ni kikubwa?"

"Si kikubwa. Unataka kikubwa au unataka kisichoteleza?"

Sikujua nataka nini. Jasho lilinitoka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikampa karatasi. Aliisoma, akaitazama r yangu iliyokatwa kwa wino mwekundu, akanitazama mimi juu ya miwani.

"Cha kulia," akasema. "Analenga kwa mkono gani?"

"Kushoto."

"Kwa wa kushoto, kitufe cha upande wa kulia kinaweza kufaa. Lakini aina ya bunduki iliyoandikwa kwenye leseni haina nafasi upande huo bila kubadilisha mambo mengi, na hayo mimi siyagusi. Yeye anaijua bunduki yake. Mbona aagize kitu hicho? Mpigie."

Nikampigia, nikaweka sauti ya wazi ili Bi Saada asikie.

"Kaka, hicho kitufe, ni cha upande wa kulia?"

"Upande gani tena? Nimesema cha kuria."

"Ndiyo, kulia. Mkono wa kulia."

"We Letisia, umesoma wapi? Cha kuria. Kinachoria. Nikibonyeza nisikie kinaria, ko!"

Simu ikakatika, mtandao wa kwetu ni huo. Nikabaki nimeishika. Cha kulia, kinacholia, chenye mlio. Maneno mawili yanayofanana kwa kila herufi, nimewafundisha watoto tofauti yake zaidi ya mara moja, na nikachukua lile nililolitaka mimi. Nikaanza kucheka kwa aibu, nikimtazama Bi Saada nikitegemea naye acheke.

Hakucheka. Alichukua kitufe kimoja cha duara, akakifunga kwenye chuma cha mfano kilichokuwa mezani, akakibonyeza. Kikalia ko! mlio mkavu.

"Ninacho," akasema. "Lakini ngoja nikuulize. Bolti ikienda mbele inaonekana kwa macho. Lile tundu la pembeni, la kutolea maganda, huwa wazi, likifungwa unaliona limefungwa. Mtu wa kushoto ndiyo kabisa, tundu liko usoni kwake. Kwa nini atake kusikia?"

Nikakibonyeza na mimi, kikalia tena.

"Mwenye macho hutazama," akasema Bi Saada, taratibu. "Mume wangu aliwahi kuniletea mteja wa namna hii."

Hapo yote yakanijia kwa mpigo mmoja, na yalikuwa yamekaa mbele yangu muda wote: herufi kubwa kubwa, Faustine akipunga mkono bure, magoti yasiyoweza safari lakini yanayopanda mlima kwenda misa kila Jumapili. Chai aliyoimimina pembeni ya kikombe siku ya Pasaka, akasema meza imelegea. Niliogopa. Nilifikiria watu wanaoinama kwenye yale mashamba asubuhi na mapema.

"Nikuuzie?" akauliza Bi Saada. "Kifaa ni halali, karatasi zako ziko sawa. Kuamua ni wewe."

Nilikishika kile kitufe muda mrefu. Kilikuwa kizuri, chepesi, na kaka angefurahi. Nikakirudisha juu ya gazeti. Bi Saada akaenda kuniwekea chai.

Safari ya kurudi sikuona kitu. Nilipanga hotuba tangu Lusahunga, nikaibomoa, nikaipanga tena. Kuna wakati nilijiambia nimekosea, kwamba mama mmoja wa Biharamulo asiyemjua kaka yangu amenitia hofu kwa kitu kidogo, na nikatamani gari ligeuke nikakinunue. Sikujua kama ninamwokoa au ninamdhalilisha.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali, nilifika Keza na kuingia uani kwa kaka. Alikuwa amekaa barazani akipukuchua maharage. Nikasimama hatua kumi mbele yake, kwenye mwanga, nimevaa gauni lilelile la njano aliloniona nalo asubuhi, nikanyamaza makusudi. Akainua uso, akanielekea. Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Shikamoo," akasema.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka kumi na mmoja, aliniamkia kama mkubwa wake. Machozi yalinitoka palepale.

"Ni mimi, kaka. Letisia."

Maharage yakasimama mikononi mwake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umekipata?"

"Kipo. Sikukinunua."

Nilingoja anifokee, hakufoka. Alisogeza ungo pembeni, akanielekeza niketi karibu naye.

"Wiki ya juzi nimerenga nguruwe kwenye mahindi," akasema. "Nguruwe akakohoa. Arikuwa mke wa Faustine, anachuma mboga." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sikufyatua. Nikasema tatizo ni bunduki, inachoka. Nikibadirisha kitufe itakuwa sawa."

Tulikaa hivyo hadi kuku wakaanza kurudi. Safari nzima nilikuwa nimehangaika na vitufe saba na upande wa kulia na wa kushoto, na jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi tangu nyumbani, sawasawa kabisa, mpaka mimi nilipolisahihisha.

"Toa karamu yako," kaka akasema mwisho. "Tuwaandikie porisi waje waichukue. Niandikie ninavyosema mimi, usinisahihishe."

Akasema, nami nikaandika: Mimi Deogratias wa Keza siwezi tena kurenga. Nikaisoma mara mbili kimoyomoyo, nikaifunika kalamu.